TULIYOYAONA TARIME NA SERENGETI: HABARI YA MAJI YANAYORUDI NYUMA

Katika toleo lililopita tuliahidi kuwaandikieni habari za safari yetu ya Mkoa wa Mara, na wengi wenu mmetuuliza, njiani na sokoni, mbona habari hizo hazitoki. Zimechelewa kwa sababu moja tu, nayo ni aibu. Tulikwenda Mara kutazama jinsi wakulima wa kahawa wa vilima vya Tarime wanavyoendesha ghala lao, na juu ya hayo ripoti yetu imekwisha kusomwa mbele ya kamati. Lakini jambo kubwa tulilolipata huko halikuwa la kahawa, lilikuwa la maji. Nasi hatuwezi kulieleza bila ya kukiri kwanza kosa lililotokea katika kitalu chetu wenyewe kabla ya safari, kosa ambalo baadhi yenu mnalijua nusu, na baadhi mmelisikia likiwa limekwisha kutiwa chumvi.

Basi na tuanze na kosa.

Mnajua kwamba katika kitalu cha moja ya matawi yetu tuna pipa la samadi. Kinyesi cha ng'ombe huloweka humo siku kadha, kisha maji yake huchujwa na kuchanganywa na maji safi, ikamwagiliwa miche ya mikarafuu. Samadi hiyo imetufaa sana, na atakayeitazama miche ya mwaka huu hatabisha. Pipa lenyewe hujazwa kwa mpira uliofungwa kwenye mfereji, na ili mpira usiruke na kumwagia watu matope tulikuwa tukiuzamisha mpaka chini kabisa, na juu yake tukiweka jiwe. Siku moja, kiasi cha saa tano, umeme ukakatika. Maji yakapungua, yakawa nyuzi, yakakoma. Tukaondoka kwenda zetu, mpira ukabaki ndani ya pipa na mfereji ukabaki wazi. Tunasema "tukaondoka" kwa maana ya katibu wenu, kwani aliyekuwa na zamu ya kitalu siku ile alikuwa ni yeye.

Tuliporudi alasiri tulikuta pipa limepungua karibu robo. Tulilizunguka tukitafuta tundu, tukalipigapiga, tukalaza sikio, tundu hatukuliona. Umeme ulikuwa umekwisha kurudi na maji yanatoka tena kwenye mpira, basi tukalijaza, tukafunga mfereji, tukaenda kusali. Asubuhi ya pili alikuja mama mmoja jirani, anayekaa bondeni chini ya kitalu, na ndoo kichwani. Akaitua mbele yetu akasema, "Katibu, hebu nusa." Tukanusa. Ilikuwa ni harufu ya zizi, na ndani ya ndoo mlikuwa na vijani vidogo vya majani yaliyotafunwa.

Katika juma lile watoto wa nyumba nne waliharisha, na mmoja wao alilazwa siku mbili akitiwa maji kwa mshipa. Alhamdulillahi wote walipona. Sheha akaitisha kikao. Watu wakasema bomba limepasuka mahali na uchafu unaingia, na wa kwanza kusimama na kusema hivyo tulikuwa ni sisi. Zaidi ya hayo tuliandika barua, kwa karatasi ya jumuiya na muhuri wake, tukimlaumu fundi anayeshughulikia bomba la kijiji kwamba hatazami kazi yake. Fundi huyo alichimba mtaro wote, kiungo kwa kiungo, katika jua la mwezi ule, asione palipopasuka. Alipotuambia kwamba bomba ni zima, hatukumsadiki.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo moyoni tulipopanda meli.

Tarime ni wilaya iliyo mpakani na Kenya, nchi ya vilima na baridi ya asubuhi, yenye migomba na kahawa. Na wenyeji wake Wakurya ni watu wa kulima na watu wa ng'ombe kwa pamoja. Wilaya ya Serengeti imepakana nayo upande wa kusini, na makao yake ni mji wa Mugumu, ambao hupata maji yake katika Bwawa la Manchira. Baina ya vilima hivi na mbuga za Serengeti hupita Mto Mara, unaoanza huko Kenya katika milima ya Mau, ukapita katika hifadhi mbili za wanyama, ukaishia Ziwa Victoria. Mtu wa kisiwani, aliyezoea kijito cha kurukwa na mtoto, anaposimama daraja la Kirumi na kuutazama mto huo ukitandaa katika matete, hudhani kwamba nchi yenye maji kama haya haiwezi kuwa na shida ya maji.

Kumbe shida ipo, nayo ni ya namna nyingi. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, huko Nyamongo, yaliingia katika Mto Tigithe, na tangu hapo jina la mto huo halitajwi Tarime ila kwa uchungu. Mwezi wa Mei 2019 Baraza la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya maji ya sumu yaliyovuja katika bwawa la mabaki. Kisha mwezi wa Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka rangi yakanuka, samaki wakaelea wamekufa, na kamati iliyoundwa na Serikali ikasema kwamba sababu yake ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na majani yaliyooza, hata hewa ndani ya maji ikaisha. Wako wengi waliokataa maneno hayo, na mpaka leo ukiyataja katika mkahawa wa Tarime utakaa hapo mpaka magharibi. Sisi hatukwenda kuamua kesi. Twayataja haya ili mpate kufahamu kwamba watu wa huko wanapozungumza juu ya uchafu wa maji wanazungumza juu ya kitu walichokiona kwa macho. Na tena kwamba kila mtu hutazama mto, na ni wachache wanaotazama bomba.

Mmoja katika hao wachache tulimkuta katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Serengeti, mwendo wa saa moja na kitu kwa pikipiki kutoka Mugumu. Ni mzee wa makamo, mjumbe wa chombo cha watumiaji maji cha kijiji. Vyombo hivi vinasimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019, na huendeshwa na wanakijiji wenyewe: ndio wanaouza maji kwa ndoo, ndio wanaoweka hesabu, na ndio wanaotukanwa maji yasipotoka. Kijiji kina kisima kirefu, pampu ya jua, tangi juu ya mnara, na bomba linaloteremka mpaka kwenye vituo vya kuchotea. Mbali kidogo na vituo hivyo kuna birika la saruji la kunyweshea ng'ombe, kwa bomba lile lile.

Tulifika wakati wa kunywesha. Ng'ombe hawahesabiki, vumbi halionyeshi mbele, na vijana wawili wenye fimbo wakiwazuia wasikanyagane. Mdomo wa bomba ulikuwa juu ya birika, umeinuliwa kiasi cha shubiri moja kupita ukingo wake. Lakini vijana wale, kwa kuwa maji yakianguka kutoka juu huruka na ng'ombe wakashtuka, walikuwa wameuchomeka mpira katika mdomo wa bomba na kuushusha mpaka ndani ya maji. Mzee alipouona hakusema neno. Aliweka chini kitabu chake cha risiti, akachukua panga la mmoja wa vijana, akaukata mpira ule karibu na bomba, kipande kikaangukia katika birika. Ndipo akasema, "Mura, mara ya ngapi?" Kijana akatazama chini. Mzee akatugeukia akauliza kwa upole kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea, "Kwenu visiwani mnafuga?"

Tukamjibu kwamba tunafuga kidogo. Tukamwuliza amefanya nini, kwa maana kwetu sisi kijana yule alikuwa amefanya jambo la akili: maji hayamwagiki, ng'ombe hawashtuki. Mzee akatuambia, "Leo jua likiingia mawinguni pampu ikasimama, na tangi likawa tupu, wale akina mama kule chini wakifungua bomba watakunywa haya." Akaonyesha kwa fimbo birika, ambalo ng'ombe walikuwa wakinywa humo na kutemea mate humo, na mmoja wao wakati ule ule alikuwa akifanya zaidi ya kutema mate.

Ndugu Wanachama, hatuna maneno ya kueleza jinsi tulivyojisikia. Tulikaa juu ya jiwe. Mzee akadhani ni jua, akatuletea maji ya kunywa.

Jambo lenyewe si gumu kulifahamu, na kila aliyepata kufyonza mafuta ya taa katika pipa kwa mpira analijua tayari, ijapokuwa hajui kwamba analijua. Ukiuzamisha mpira katika pipa, ukafyonza kwa kinywa, ukaushusha upande wa pili chini kuliko pipa, mafuta yatapanda ukingo na kuteremka yenyewe mpaka pipa liishe. Kinachoyapandisha ni hewa inayolemea juu ya pipa, kwani hewa hii tunayovuta ina uzito, na uzito wake unaweza kuyasukuma maji juu mpaka futi 33 hivi, karibu mita 10, mahali ambapo upande wa pili hamna hewa ya kuzuia. Sasa lifikirieni bomba la kijiji. Siku zote limejaa maji yanayosukumwa, na msukumo huo ndio mlinzi wake: palipo na tundu, maji safi hutoka nje, uchafu hauwezi kuingia. Lakini pampu ikisimama na tangi likakauka, au bomba kuu likipasuka, mlinzi ameondoka. Aliyeko bondeni akifungua mfereji wake, maji yaliyobaki katika bomba yatateremka kwake, na nyuma yao yataacha utupu. Utupu huo utafyonza chochote utakachokikuta kwenye midomo iliyo wazi huko juu. Ukikuta hewa, utafyonza hewa, na ndio maana mfereji mara nyingine huvuta pumzi ukasikika unakoroma. Ukikuta mpira uliozama katika pipa la samadi, utafyonza samadi.

Pipa letu halikuwa na tundu. Lilikunywewa.

Na yule mama wa bondeni ndiye aliyefungua mfereji asubuhi, naye hana kosa lolote. Alikuwa akitafuta maji ya chai.

Iko namna ya pili ya kurudi nyuma, nayo ni ya kusukuma wala si ya kufyonza. Mtu ana kisima chake nyumbani na mota yake, na mabomba ya nyumba yake ameyaunga pia na bomba la umma, ili yakikosekana ya huku apate ya kule. Mota ya kisima ikiwa na nguvu kuliko bomba la umma, maji ya kisima yatatoka nje ya nyumba yakaenda kwa jirani. Kisima kikiwa kiko karibu na choo, tena choo chenyewe ni shimo katika mawe ya matumbawe yanayopitisha kila kitu, hatuna haja ya kuendelea. Jambo hili visiwani kwetu ni la kawaida kuliko la mipira. Tumeanza kuzihesabu nyumba za wanachama ambazo zimeungwa namna hiyo, tukaacha kuhesabu. Na wako wengine wanaofunga mota moja kwa moja juu ya bomba la umma, ili wavute maji kabla ya majirani. Hao, mbali na dhuluma, huifanya kazi ya kufyonza kwa mashine: kila kiungo kinachovuja katika mtaro, badala ya kutoa maji, huanza kuingiza yaliyotuama katika mtaro huo.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya nchi masikini. Mwaka 1933, katika mji wa Chicago huko Marekani, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, hoteli mbili kubwa zilikuwa na mabomba ya zamani ambamo ya maji safi na ya maji machafu yalipata njia ya kukutana. Wageni walikunywa, wakarudi makwao, na ugonjwa wa kuhara damu ukawatokea huku na huko katika nchi nzima. Watu 98 walikufa. Mwaka 1969 huko Worcester, katika jimbo la Massachusetts, wachezaji wa mpira wa Chuo cha Holy Cross waliugua homa ya manjano ya ini karibu timu nzima, watu 90 katika 97, ikabidi mashindano yao ya mwaka ule yavunjwe baada ya michezo miwili. Wapelelezi waligundua kwamba katika uwanja wa mazoezi kulikuwa na mifereji ya kumwagilia majani, iliyofukiwa katika visanduku chini ya ardhi, na watoto wa jirani wenye ugonjwa ule walikuwa wakichezea maji humo. Siku moja nyumba ikaungua karibu na hapo, wazima moto wakayavuta maji kwa nguvu katika bomba kuu, msukumo ukaanguka, na maji ya visanduku yakafyonzwa ndani ya bomba la wachezaji. Wazima moto walikuwa wakifanya wajibu wao, na watoto walikuwa wakicheza. Hivyo ndivyo mambo haya yalivyo: ukimtafuta mwovu humpati.

Na karibu zaidi na siku zetu, mwezi wa Novemba 2007, katika mji wa Nokia huko Finland, nchi ambayo maji yake yanasifiwa duniani, palikuwa na bomba lililounganisha maji ya kunywa na maji yaliyotoka katika mtambo wa kusafishia maji machafu, na baina yao valvu moja tu. Valvu ikafunguliwa. Maelfu ya watu waliharisha na kutapika. Valvu moja, ndugu, na mkono mmoja.

Turudi kwetu. Mababu zetu walijua gharama ya maji machafu kuliko sisi. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu katika mji wa Unguja, na daktari aliyekuwapo, James Christie, aliandika kitabu juu yake. Baadaye Sayyid Barghash alivuta maji ya chemchemi za upande wa Bububu mpaka mjini, na watu wakapata maji safi yasiyo ya visima vya mitaani. Bomba lile lilikuwa ni neema. Lakini neema ya bomba inategemea bomba lijae. Kumbukeni jinsi umeme ulivyokatika Unguja kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, pampu nyingi zikasimama kwa kukosa umeme na watu wakarudi kwenye ndoo na kamba. Sisi wa Pemba mwaka huo huo wa 2010 tulipata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na tulifurahi. Lakini kila siku umeme unapokwenda na kurudi, mabomba yetu hushiba na kuona njaa, na bomba lenye njaa hula chochote. Twadhani katika kila kijiji cha karafuu kuna mpira mmoja uliozama mahali hivi sasa: katika pipa la samadi, katika pipa la dawa ya ukungu wa miche, katika beseni la nguo, katika hodhi la msikiti. Juu ya hili la hodhi tumewauliza walimu wetu, nao wametukumbusha yale tuliyoyasoma chuoni juu ya maji yaliyopungua kulla mbili, kwamba najisi ikiyagusa yamenajisika. Bomba la nusu inchi halina kulla mbili.

Je, dawa yake? Hapa ndipo mzee wa Serengeti alipotushangaza, kwa sababu dawa iliyo kubwa kuliko zote haina bei. Ni nafasi. Mdomo wa bomba uwe juu ya ukingo wa chombo, usiguse maji hata chombo kikifurika. Kipimo wanachokitumia mafundi ni mara mbili ya upana wa tundu la bomba, na isipungue inchi moja kwa hali yoyote: bomba la nusu inchi liachiwe inchi moja, bomba la inchi moja liachiwe inchi mbili. Mzee yeye ameacha shubiri nzima, akisema kwamba ng'ombe hawajui inchi. Maji yaweza kuanguka kwenye nafasi hiyo, lakini hayawezi kuiruka yakarudi juu. Hakuna chuma cha kuharibika wala mpira wa kuchakaa.

Yako mambo ambayo nafasi haitoshi au haiwezekani, kama mpira wa kumwagilia ambao lazima uburutwe. Kwa hayo kuna kifaa kidogo cha shaba kinachofungwa kwenye mfereji kabla ya mpira, ambacho msukumo ukianguka hufungua mlango na kuingiza hewa, na mfyonzo ukakatika. Ni sawa na yule anayefyonza mafuta ya taa akatobolewa mpira wake na mtoto mtundu. Iko pia valvu ya kuzuia maji kurudi, ambayo ndani yake mna kifuniko kinachofunguka kwa kwenda na kufunga kwa kurudi. Tumeinunua moja na iko ofisini, na anayetaka kuifungua na kuitazama afike. Lakini tusidanganyane: punje moja ya mchanga ikikwama katika kifuniko, valvu imekuwa pambo, na mchanga maji yetu tunaujua. Kwa hiyo valvu yafaa kulindia nyumba, lakini kwa pipa la samadi au la dawa ya miche sisi hatuiamini peke yake, na mtu asitumie valvu kuwa udhuru wa kuzamisha mpira.

Kwa vitalu njia iliyo bora ni tangi la kati. Maji ya mfereji yaangukie kwanza, kupitia nafasi, katika tangi lililo juu ya kitako cha mawe, na kutoka humo ndipo yaende kwenye mapipa na mipira kwa uzito wake yenyewe. Likifyonzwa, litafyonzwa tangi letu, wala si kijiji. Tena miche hunyweshwa hata siku umeme usipokuwapo, jambo ambalo lingetuokolea miche mingi ya mwaka juzi kama tungelifikiria mapema.

Na waliounga kisima na bomba la umma watenganishe. Tunasema hivyo tukijua kwamba wengine wao ni wajumbe wa kamati. Si kufunga valvu ya mkono katikati na kusema "huwa naifunga", bali kukata bomba na kuziba pande mbili.

Kamati imekubali, baada ya mjadala ambao hatutaueleza hapa, kwamba mambo matatu yaletwe mbele ya mkutano mkuu. La kwanza, kila kitalu cha jumuiya kijengewe tangi la kati kabla ya msimu wa kuchuma, kwani wakati huo mashamba hujaa wachumaji na watoto wao, na wote hunywa mfereji mmoja. Fedha zake zitatoka katika mfuko wa matengenezo, na ikiwa hazitoshi, ukarabati wa ukuta wa ofisi usubiri. La pili, pasiwe na dawa ya miche itakayochanganywa mahali ambapo mpira wa mfereji unaweza kufika. La tatu, tuwaombe mafundi wa Mamlaka ya Maji, ZAWA, waje kila tawi kutazama viungo vya wanachama, na mwanachama asimfukuze fundi mlangoni kwa kudhani amekuja kukata maji.

Mpaka siku hiyo, maji yakirudi baada ya kukatika yaacheni yamwagike kidogo kabla ya kukinga, na ya watoto yachemsheni. Wala msiitegemee sana dawa iliyotiwa katika maji huko kisimani: klorini huua vijidudu vilivyomo katika maji safi, lakini ikikutana na samadi hutumika yote kwa uchafu wenyewe, na kwa vijidudu haibaki kitu.

Limebaki la fundi. Tuliporudi kutoka Mara tulimwendea nyumbani kwake, tukamkuta barazani anatengeneza baiskeli. Tukamweleza habari ya birika, na ya panga, na ya pipa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mpira mmeutoa?" Tukamwambia tumeutoa siku ile ile tuliyofika. Akasema, "Na ile barua?" Barua ile, Ndugu Wanachama, ilikuwa na muhuri wa jumuiya, na haiwezi kufutwa na katibu peke yake. Kwa hiyo tumeandika nyingine ya kuifuta na kumtaka radhi, nayo itasomwa mbele yenu kabla ya ajenda ya kwanza, ili mwenye kuipinga aipinge na mwenye kuikubali ainue mkono. Fundi amealikwa, naye amesema atakuja kama umeme utakuwapo, kwa sababu ukikatika atakuwa kwenye pampu.

Katibu